Njiwa Hawapendi Kelele

Mimi ni mtu wa kelele. Nalisema mapema ili anayesoma asije akanishangaa mbele ya safari. Nimezaliwa Kiongoroni, kule chini mto unakogawanyika kuingia baharini, ambako jirani yako anaweza kuwa ng'ambo ya mkondo, na ukitaka kuazima chumvi unasimama ukingoni unapiga ukelele. Mama yangu alikuwa akiniita nikiwa ndani kabisa ya mikoko, na wanaume wanaokata nguzo wananiambia, "We mtoto, unaitwa kwenu," wakati hata moshi wa jiko lake hauonekani. Kwetu sauti ni chombo cha kazi kama kasia. Hakuna anayekwambia uipunguze.

Halafu nikaolewa Kibiti, kwenye nyumba ya njiwa.

Wiki ya tatu ya ndoa nilitafuta ungo wangu wa kupepetea mchele, ungo mpya wa harusi, nikaukosa. Nikaukuta uani, umejaa mtama na kinyesi, njiwa wamejipanga juu yake wanakula. Ebo! Nikamwita mume wangu kwa sauti niliyopewa na mama yangu. Kabla hajatokea yeye, akatokea mama mkwe mbio kutoka jikoni, mikono imejaa tui la nazi, kidole kimoja mdomoni. "Shii! Mwanangu, njiwa!" Nikadhani nyoka kaingia bandani. Nikatafuta mti wa kumpigia.

Kumbe nyoka ni mimi. Mama mkwe alinikalisha kwenye kigoda akanieleza taratibu, kwa sauti ya mtu aliye msibani. Njiwa hakai nyumba yenye ugomvi. Wakisikia watu wanafokeana, wanahama, na nyumba iliyohamwa na njiwa haimalizi mwaka haijavunjika. Hilo nililisikia tangu utotoni, pwani nzima wanalisema, lakini Kiongoroni hakuna mtu anayefuga njiwa, vipanga wa mikoko wangewamaliza kwa wiki moja. Kwa hiyo kwetu yalikuwa maneno ya kupitishia muda. Pale Kibiti yalikuwa sheria.

"Sema chochote unachotaka, mwanangu," akaniambia, "ila sema polepole."

Nikasema sawa. Nilikuwa bibi harusi, hina bado iko miguuni, ningesemaje?

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha, na ni mtu mpole. Niseme haki ya Mungu, hajawahi kunipiga, hajawahi kunitukana, na kila niliyemlalamikia aliniambia nishukuru. Ugonjwa wake ni mmoja tu, njiwa. Alianza na jozi moja akiwa kapera, dume la kijivu na jike jeupe, njiwa wa kawaida kabisa. Nilipoingia mimi walikuwa kama kumi na tano. Mungu hakutujaalia mtoto, na kadiri miaka ilivyopita bila mtoto ndivyo njiwa walivyoongezeka. Akaacha njiwa wa kawaida, akaanza kutaka wa fahari. Wa mkia wa feni, ambao mkia umesimama nyuma kama upepeo wa bibi harusi. Wa kofia. Wa soksi, wenye manyoya mpaka kwenye vidole, ambao mvua ikinyesha wanakanyaga matope na mwenzangu anawaosha miguu kwa maji ya vuguvugu. Mimi sijaoshwa miguu tangu siku ya harusi.

Jozi moja ya hao iliweza kumaliza malipo ya geti zima. Alipanda gari kwenda Dar asubuhi na pesa ya kununua bati, akarudi jioni na boksi lenye matundu, uso unang'aa. Banda alilichomelea mwenyewe, chuma kitupu, ngazi, vyumba kila jozi na chake, juu bati jipya la rangi. Chumbani kwetu masika ikianza tunatega ndoo mbili na sufuria. Nilimwambia siku moja, kwa kunong'ona, "Bwana, hata mimi nikiota mkia utanijengea?" Akacheka sana. Ana kicheko kizuri. Ndicho kilichoniponza.

Njiwa mgeni akifika anafungwa mbawa. Mume wangu anachukua uzi, anazungushia manyoya marefu ya bawa moja, anakaza kidogo, ndege anaweza kutembea na kula ila hawezi kuruka. Wiki kadhaa. Anamwona mwenzake anavyoingia na kutoka, anazoea sauti za nyumba, anazoea mtama. Siku uzi unapokatwa haondoki tena. "Keshasahau kwao," mwenzangu ananiambia, kwa upole, akimpapasa kichwa. Nilikuwa nimeshika mkasi, mimi ndiye niliyekuwa nampa mkasi. Nilitamani kumuuliza uzi wangu aliufunga wapi, lakini swali hilo lingetoka kwa sauti kubwa, nikalimeza.

Nililimeza hilo na mengine. Mtu wa kelele akinyimwa kelele hanyamazi, anavimba. Nilikuwa nakwenda nyuma ya choo nafungua kinywa wazi kabisa bila kutoa sauti, halafu narudi kuosha vyombo. Kichwa kilikuwa kinaniuma hapa juu ya macho. Kwenye zahanati nilikokuwa najitolea kupima uzito watoto, nesi aliniuliza kama nina presha. Nikamwambia nina njiwa.

Mtaa mzima ulikuwa unatusoma kupitia banda lile. Nyumba ya tatu kutoka kwetu waliishi mtu na mkewe wenye njiwa sita, na waligombana mchana kweupe, masufuria yanaruka. Siku moja njiwa wao wote sita wakahamia kwetu. Mwezi haukuisha, yule mwanamke akapakia godoro kwenye bodaboda akaenda zake. Lo! Mama mkwe alitembea na ushahidi huo kama mtu aliyeshinda kesi. "Umeona? Umeona kwa macho yako?" Niliona kwa macho yangu. Nilichokiona pia, ila sikukitilia maanani wakati ule, ni kwamba yule bwana alikuwa anawapa njiwa wake pumba, na kwetu walikuta mtama mweupe uliopepetwa kwenye ungo wangu wa harusi.

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Tulikuwa tunachambua mchele pamoja siku moja, nikamuuliza kama hajawahi kukasirika katika maisha yake. Akachambua kwanza. Kisha akasema baba yake alimwachia shamba la mpunga Ngorongo, bondeni, udongo mweusi wa mafuriko, shamba ambalo hata ukitupa mbegu umegeuza uso linaota. Marehemu mumewe akaliuza wakati yeye yuko kwao kwa ajili ya uzazi. Aliporudi na mtoto mgongoni akakuta limeshakwenda.

"Ukasemaje, mama?"

"Ningesemaje, mwanangu? Naye alikuwa na njiwa." Akatoa kokoto kwenye mchele akaitupa. "Funika kombe mwanaharamu apite."

Tukaendelea kuchambua.

Ugomvi wetu sisi, wa kizazi cha simu, tuliuhamishia kwenye meseji. Mwenzangu ndiye aliyebuni, na alijivunia sana. Tunakaa mkekani watatu, wali na samaki katikati, kimya. Naandika kwa kidole kimoja kilichobaki kisafi: "Hivi mimi ni mke au mlinzi wa ndege?" Simu yake inatetemeka pembeni ya bakuli. Anasoma, ananawa mkono, anajibu: "Punguza hasira mpenzi." Naandika: "Paa linavuja." Anajibu: "Mwezi ujao inshallah." Naandika neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Ananitumia kidole gumba. Mama mkwe anatutazama mmoja mmoja huku anatafuna, karidhika, anasema, "Nyumba yenye amani chakula kinakuwa kitamu."

Ndivyo nilivyoishi miaka minane na miezi.

Mwaka wa tisa jina langu likatoka. Niliomba nafasi ya chuo cha uuguzi, kule kusini, miaka mitatu, niliomba kimyakimya kama nilivyofanya kila kitu. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuwa kabatini tangu usichana, yameanza kuliwa na mende pembeni. Yule nesi wa zahanati ndiye aliyenisukuma. Alinikuta nimemshika mtoto wa mtu juu ya mizani muda mrefu kuliko mizani inavyohitaji, akasema, "Dada, kama Mungu hajakupa wa kuzaa, huenda kakupa wa kuwazalisha." Nililia pale pale. Ada ya kuanzia nilikuwa nayo, niliipata kwa kuwauza kamba ambao mama yangu alikuwa akinitumia kutoka Kiongoroni. Nilichohitaji ni kimoja, ruhusa ya mume wangu. Kwetu mke akiondoka bila ruhusa hajaenda kusoma, kaondoka tu, na mlango unafungwa nyuma yake na kwa mama yake pia.

Nilimwambia uani, kwa kunong'ona. Akafurahi! "Alhamdulillahi, hongera sana mke wangu." Nikangoja. Akapanda ngazi kuangalia mayai.

Kesho yake nikamuuliza tena. "Tutalipanga." Wiki iliyofuata: "Ngoja hawa wa feni waangue." Wakaangua. "Ngoja makinda waote manyoya, mama peke yake hatawaweza." Jamani! Mtu akikunyima kitu unajua pa kumshika. Huyu alikuwa hanyimi wala hatoi, anatabasamu na anapanda ngazi. Nikiinua sauti hata kidogo, mama mkwe anainua kidole mdomoni na macho yanakwenda bandani. Nikaandika meseji ndefu, nyingine ya kuomba, nyingine ya kutisha. Vidole gumba. Chuo kilitaka turipoti, mwisho Jumanne, na siku zilikuwa zinakwisha huku mimi nawamwagia maji watu wenye manyoya miguuni.

Hapo ndipo shetani aliponijia, au akili, mpaka leo sijui.

Nilijisemea hivi. Nyumba hii imenifunga mdomo kwa sababu ina amani, na ushahidi wa amani ni njiwa. Sasa njiwa wakiondoka? Si wote. Ile jozi ya kwanza, dume la kijivu na jike lake, maana kila mpenzi wa njiwa aliyekuja Jumapili kukodolea macho banda lile alisema hao ndio wenye nyumba, wengine wanawafuata. Wakiondoka wale, amani itakuwa imekwisha rasmi, mtaa mzima utajua, na hakutakuwa na kitu tena cha kuniambia nisikivunje. Nitaweza kusema. Na nikiweza kusema, nitapewa ruhusa yangu. Hicho tu ndicho nilichokitaka, si kuvunja ndoa.

Alhamisi nikaaga kwenda kumwona mama, kaumwa mguu. Kweli alikuwa anaumwa mguu, tangu mwaka juzi. Alfajiri mume wangu akiwa msikitini nilipanda ngazi, nikawatoa wawili hao. Hawakupiga hata bawa, mikono inayowalisha wanaijua. Nikawatia kwenye tenga la samaki, nikafunika kwa kanga. Gari mpaka Nyamisati, kisha boti ya mashine, maji yanajaa, mikondo inapinda huku na huku mpaka mimi mwenyewe niliyezaliwa humo nikawa sijui kusini ni wapi. Nikafurahi. Nikasema kama mimi nimepotea, hawa waliofunikwa kanga watajua nini? Nilishaona jinsi njiwa wanavyosahau kwao. Niliona uzi, niliona mkasi. Sikuwahi kujiuliza wanafungwa uzi kwa sababu gani.

Mama alinipokea kwa ukelele tangu boti haijagusa udongo. Akafunua kanga, akachungulia.

"Kitoweo?"

"Si kitoweo, mama."

"Nazi ipo!"

"Mama, si kitoweo!"

"Basi umeiba," akasema, watu wote wa ng'ambo wakasikia.

Nikamweleza. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniangalia shingo na mabega kama anayeangalia mtoto aliyerudi shule amekonda. "Mbona unaongea hivyo?" akaniuliza. "Unaongea kama mtu ana kidonda kooni."

Ijumaa asubuhi nikalifungua tenga ukingoni. Walitoka wakitikisa mbawa, wakatua juu ya paa la makuti la mama, wakajisafisha. Nikasema wakikaa hapa kipanga atawachukua, na nikajiona mwuaji. Kisha wakaruka. Walizunguka juu ya mikoko mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu juu zaidi, halafu wakanyoosha kwenda bara wakapotea. Nikajaza pumzi nikapiga ukelele wa furaha, ule wa kwetu. Ulitoka na kutu. Ulikatika katikati kama kamba mbovu, nikashika koo langu, nikaogopa kwa kweli. Nikaanza kulia na mama akanishika mkono bila kupiga kelele yoyote.

"Wanakwenda kwao wale," akasema.

Sikumsikiliza.

Kiongoroni simu inashika mahali pamoja tu, juu ya magogo pale boti zinapopakia nguzo. Ijumaa alasiri nikapanda. Meseji zikaingia zote kwa mpigo, simu inatetemeka mkononi kama inaumwa homa. Nikazisoma moja moja kwa mpangilio zilivyotumwa.

"Jozi ya kwanza haipo bandani."

"Tumetafuta mtaa mzima. Mama analia."

"Mama anasema una kinyongo. Una kinyongo gani mke wangu?"

Ya nne ilitumwa asubuhi ya Ijumaa ileile, kabla ya saa nne. "Nisamehe kama nimekukosea. Ruhusa nimekupa. Nenda chuo. Nitakusindikiza mwenyewe."

Nilikaa kwenye magogo. Nikaisoma mara tatu, nikaibusu simu mbele ya vijana wa nguzo, waache wacheke. Kisha nikasoma ya tano, ya saa saba mchana, yote kwa herufi kubwa.

"WAMERUDI WOTE WAWILI. ALHAMDULILLAHI. JUMAPILI TUNAFANYA SHUKRANI. RUDI TULE."

Ruhusa yangu ilidumu saa tatu. Na katika hizo saa tatu mimi nilikuwa mahali pasipo na mtandao, nakula kamba kwa mama yangu.

Maji yaliniruhusu kutoka Jumapili asubuhi. Nilifika Kibiti mchana, uani watu tele, mikeka imetandikwa, sufuria kubwa mbili za pilau. Mzee mmoja alikuwa ameshasoma dua. Wapenzi wa njiwa wamekaa mstari wa mbele na shingo zimepinda nyuma kutazama banda. Nilipoingia, wanawake wakanipigia vigelegele, mimi, mwenye nyumba ya baraka. "Hongera, mama, nyumba yenu Mungu anaipenda." Nikasema ahsante. Nikasema ahsante mara nyingi. Juu kwenye ngazi dume la kijivu lilikuwa linamzunguka jike lake, kifua mbele, kama mtu aliyerudi hija.

Mume wangu alinifuata pale nilipokuwa nimesimama na begi bado begani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa furaha.

"Nimesoma meseji," nikamwambia, kwa kunong'ona. "Ya ruhusa. Basi ni kesho asubuhi."

Akatabasamu. Akanishika mkono kwa upole, kama anavyowashika wao. "Mke wangu, ile ilikuwa hofu tu. Sasa si tumepewa ishara? Wameondoka wakarudi wenyewe. Hata ndege wamekataa kuiacha nyumba hii." Akainamisha kichwa karibu na sikio langu. "Wewe utaiachaje?"

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilikuwa na kimya cha miaka tisa.

"NIACHE MKONO!" nikasema.

Vijiko vikasimama. Mama mkwe akainua kidole mdomoni, na mimi nikamwona, na sikunyamaza. Sauti ile yenye kutu ikakwangua koo, ikatoka nyingine nyuma yake, nzima, ya Kiongoroni, ya kuvuka maji. Nilisema miaka tisa nanong'ona ndani ya nyumba yangu kama mwizi! Nilisema nimeomba kwa adabu, nimeomba kwa meseji, nimeomba huku nikipepeta mtama, na kila nikiomba naambiwa ngoja yai! Nikasema paa linavuja, wote wakajua. Nikasema sina mtoto na ninaumia, na hakuna mtu katika nyumba hii aliyewahi kulia na mimi kwa sababu kilio nacho kina sauti. Nikasema, "Na hao njiwa wenu hawakuhama na hawakurudi kwa baraka! Nimewabeba mimi! Kwenye tenga la samaki! Nimewapeleka Kiongoroni kwa boti nikawatupa huko, kwa sababu nilitaka mtu mmoja, mtu mmoja tu humu ndani, anisikie!"

Halafu pumzi ikaniishia.

Hakuna aliyenitazama. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Watu wote pale uani, mzee wa dua, wapenzi wa njiwa, wanawake waliokuwa na vigelegele, mume wangu aliyekuwa bado ananuka moshi wa pilau, walikuwa wameinua nyuso kutazama banda. Wanangoja.

Njiwa hawakuwa hata bandani. Walikuwa wameshashuka wote, wa feni, wa kofia, wa soksi, wanadonoa wali uliomwagika kati ya mikeka. Yule wa kijivu alikuwa karibu na mguu wangu. Alipata punje, akaimeza, akatafuta nyingine.

"Hawajaruka," mume wangu akasema. Akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi, hawajaruka."

Nikamwangalia mtu huyu niliyempenda kwa kicheko chake, na nikaelewa kwamba katika yote niliyosema hakuchukua hata neno. Alikuwa anasikiliza mbawa. Nilitaka kukasirika tena nikakuta sina hasira, nina huzuni tu, nyingi, imejaa mpaka hapa.

Mama mkwe alikuwa ameshusha kidole chake. Alikuwa anawatazama njiwa walivyokuwa wanakula karibu na mkeka wake, akanyoosha mguu, akapiga kishindo. Wakasogea hatua mbili, wakarudi kwenye wali.

"Kumbe hawaondoki," akasema.

Akasimama kwa kujishika magoti. Akageukia nyumba, mlango wa chumba alimofia marehemu mumewe, akafungua kinywa, na kwanza hakikutoka kitu, nikajua anavyojisikia. Kisha ikatoka, sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, nyembamba, ya msichana.

"NA SHAMBA LANGU LA NGORONGO JE?"

Mwanawe akamkimbilia, "Mama, mama, watu," akamvuta mkono. Akauliza tena, kwa nguvu zaidi, shamba langu la Ngorongo je, alilonipa baba yangu je, na machozi yanamtoka, na njiwa wanakula. Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe mpe mwenzio ruhusa yake! Mpe mbele za watu! Ukimnyima naondoka naye!"

Mume wangu akanipa. Alisema polepole, akitazama chini, lakini alisema na mzee wa dua akasikia.

Asubuhi nilipanda basi la kusini. Mume wangu hakuja, alikuwa na njiwa mgeni wa kufungwa uzi. Begi langu lilibebwa na mama mkwe mpaka stendi, juu ya kichwa, na njia nzima alikuwa anazungumza kwa sauti, bei ya mchele, magoti yake, udongo wa Ngorongo ulivyokuwa mweusi, mpaka watu wa bodaboda wakageuka kutazama.